Mzee Aliyeandikwa Hajazaliwa

Karani Mkuu hakuniuliza jina wala natoka wapi. Alininyooshea kidole kwenye kiti, akasema, "Kaa hapo. Piga tarehe ya leo."

Nilikuwa binti mbichi kutoka Dongobesh, nina cheti cha upigaji chapa na gauni moja tu la kazini, na taipureta niliyowekewa mbele yangu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nikaingiza karatasi, nikapiga siku, alama ya mkwaju, mwezi, mkwaju tena, kisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Nilijiona nimefanya haraka na vizuri. Karani Mkuu alivaa miwani, akasoma, akaichomoa karatasi yangu.

"Huu mwaka ni wa nani?"

"Ni wa leo, mzee."

"Wewe unaujua kwa sababu umeamka nao. Atakayefungua jalada hili wewe ukiwa bibi atajuaje? Piga mwaka mzima. Karatasi tunazo."

Nikapiga tena, mwaka mzima, akagonga muhuri. Ndivyo nilivyoajiriwa kwenye mashamba ya ngano ya serikali, huku Hanang. Nyinyi mnaosoma haya mmekuta tarehe inajitokeza yenyewe juu ya simu, hamna habari nayo. Sisi tuliipiga kwa vidole, na kidole kikikosea ilibidi ufute kwa raba ya taipu, polepole, usije ukatoboa karatasi.

Lazima niseme kwanza jambo moja. Ardhi ile kabla ya ngano ilikuwa malisho ya Wadatoga, na wapo ambao habari ya mashamba yale haikuwahi kuwachekesha. Siwezi kuwasimulia furaha yangu nikaliruka hilo. Ila furaha ilikuwepo, na mimi niliila kwa mikono miwili.

Nilianzia kwenye chumba cha wapiga chapa. Tulikuwa wanawake watupu, na kelele zake zilisikika hadi karakana. Barua ya kawaida tulipiga pamoja na karatasi za kaboni, zile nyeusi zinazowekwa katikati ili chapa moja itoe nakala kadhaa. Tangazo la watu wengi tulilipiga kwenye stensili, karatasi ya nta ambayo herufi zinaitoboa, kisha tunaizungusha kwenye mashine ya kudurufu na wino unatoka mpaka kwenye viwiko. Ukipita kambini watu walijua kazi yako kwa kukutazama vidole tu. Waliniita Mama Taipu hata kabla sijawa mama wa mtu.

Baadaye nilihamishiwa shamba la pili, chini ya Meneja wa Shamba aliyekuwa haandiki kitu. Alikuwa anatembea huku anasema, na mimi namfuata kwa hati mkato, yale maandishi ya haraka ya makatibu muhtasi. Alitembea mpaka nje, akazunguka matrekta, akaingia dukani kununua sigara, na barua inaendelea. Kuna siku aliniuliza mbele ya muuza duka, "Nimeishia wapi?" Nikamsomea: "Kwa heshima na taadhima, nipe pakiti moja." Alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo alikaa ofisini akinisomea imla.

Kutoka pale nikapandishwa kwenda makao makuu ya mradi, kuwa katibu muhtasi wa Meneja Mkuu. Huko ndiko nilikokutana na kompyuta, na huko ndiko yalikotokea ya Mzee Margwe.

Lakini mjue kwanza desturi yetu ya kufungua shamba. Kila mwaka, ngano ikishakauka na upepo wa Julai unavuma kutoka mlimani, hakuna kombaini iliyoruhusiwa kugusa suke kabla dereva mkubwa kuliko wote hajakata mstari wa kwanza. Hata kama amestaafu, aliitwa kutoka nyumbani kwake. Alipewa ufunguo mbele za watu, akapanda, akakata kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, na kina mama wanapiga vigelegele njia nzima. Akishuka, debe la kwanza la ngano lilikuwa lake. Hakuna aliyejali debe. Watu walitaka ule mstari.

Kwa miaka mingi mstari huo ulikatwa na mzee mmoja wa Endasak. Mzee huyo alifariki wakati wa kiangazi, na kila mtu alijua zamu imefika kwa Mzee Margwe wa Mogitu. Huyu alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye masikio makubwa, na ndiye aliyewafundisha kombaini karibu madereva wote. Alikuwa amestaafu zamani na kuisubiri zamu hiyo bila kumwambia mtu, lakini shati jeupe alikuwa ameshashonesha Katesh. Nyuma yake kwa umri alikuwa rafiki yake, Mzee Hamisi, mtu wa Kondoa, mrefu na mpole. Tangu waajiriwe, Hamisi alikuwa akiingia karakana asubuhi anamtafuta Margwe kwanza: "Shikamoo, kaka." Na Margwe: "Marahaba, mdogo wangu, umeniletea kahawa?" Walistaafu, wakajenga jirani, na salamu ikaendelea vilevile.

Sasa kompyuta. Ililetwa kutoka Arusha ikiwa imefungwa mablanketi, ikawekwa chumba cha pembeni chenye zulia. Kuingia mle unavua viatu, kwa sababu ya vumbi la ngano, na ikizimwa tunaifunika kitambaa nilichokifuma mwenyewe kwa sindano, chenye maua. Jenereta likikohoa, wote tulishika vichwa. Mkufunzi alikuwa binti mmoja wa mjini, anaongea haraka, ananiita mama. Alinifundisha programu ya kuandikia barua kwa wiki chache, na mimi, nisiwadanganye, niliipenda. Ukikosea hufuti kwa raba. Unarudi nyuma, unalifuta kosa, na hakuna atakayejua lilikuwepo.

Tarehe ndiyo iliyonisumbua. Mkufunzi alinionyesha namna ya kuiamuru mashine iweke tarehe yenyewe. Nikafanya hivyo kwenye barua ya Meneja Mkuu ya kuomba mikanda ya kombaini. Barua ikaenda, muuzaji akajibu. Baadaye Meneja Mkuu akataka nakala, nikaifungua, nikaichapa, nikampelekea pamoja na jibu. Akaziweka karatasi mbili sambamba, akazitazama sana.

"Mama Taipu," akasema, "huyu bwana amenijibu kabla sijamwandikia. Ni nabii?"

Kumbe ile tarehe haikuwa maandishi. Ilikuwa kama tundu la kuchungulia saa iliyomo ndani ya mashine, na kila ukifungua barua inachungulia upya na kukupa tarehe ya siku hiyo. Meneja Mkuu alicheka, akaniambia niwe nazipiga kwa mkono tarehe zisizotakiwa kutembea. Nikakumbuka Karani Mkuu wangu wa kwanza, nikaona angeipiga mashine ile kofi.

Mavuno yakakaribia. Mgeni rasmi angetoka mkoani, na siku hizo bado tulikuwa Mkoa wa Arusha, kwa hiyo ilikuwa safari. Meneja Mkuu akataka kila dereva mstaafu aalikwe kwa barua yake mwenyewe, yenye jina lake na siku yake ya kuzaliwa, kwa heshima. Kwa kompyuta hilo ni jepesi. Unaandika barua moja yenye mapengo, unatengeneza jedwali la majina, na mashine inajaza. Pia ukiiambia, inawapanga watu kuanzia mkubwa hadi mdogo.

Jedwali nililijaza kutoka kwenye kadi za ajira, na kadi zile zina habari yake. Mashamba yalipoanza, watu waliandikishwa kwa makundi. Karani anauliza, "Ulizaliwa lini?" na mtu anajibu, "Mwaka wa nzige," au, "Nilikuwa nachunga ndama kaka yangu alipotahiriwa." Karani anamtazama mvi, anawauliza wa rika lake, wanakubaliana mwaka, anaandika tarakimu mbili kwa kuwa nafasi kwenye kadi ilikuwa finyu. Siku na mwezi hakuna aliyejisumbua navyo. Wote waliandikwa tarehe moja Julai, kwa sababu ndiyo siku mwaka wa serikali unapoanza. Kambi nzima ilikuwa imezaliwa siku moja. Margwe alikuwa 1/7/28, Hamisi 1/7/31, na mimi nikaandika kama kadi zilivyosema.

Siku iliyofuata nilimpeleka mama yangu Haydom, hospitali, tukalala huko. Wakati huohuo gari la kwenda Arusha likapatikana ghafla, na Ofisa Utumishi akaona asiache nafasi ipite. Akaiamuru mashine ipange na kuchapa, Meneja Mkuu akasaini, ratiba ikaenda mkoani na barua zikagawiwa. Nilipoteremka kwenye basi, mlinzi wa geti alinipokea kwa kicheko.

"Mama Taipu, pole na safari. Umesikia Mzee Margwe hajazaliwa?"

Nikakuta barua. Ilisema: "Mzee Paulo Margwe, uliyezaliwa tarehe 1 Julai 2028, unaalikwa kwa heshima." Na kwenye orodha alikuwa wa mwisho kabisa, chini ya vijana waliostaafu juzi. Juu kabisa, mwenye kufungua shamba, alikuwa Mzee Hamisi.

Margwe mwenyewe alikuja ofisini asubuhi hiyo. Akavua viatu mlangoni, akamgeukia tarishi wetu, kijana aliyeanza kazi mwezi huo. "Shikamoo," akamwambia. Tarishi akabaki mdomo wazi. Kisha akanigeukia mimi.

"Shikamoo, mama."

"Mzee, usinitafutie laana," nikasema.

"Laana gani? Ofisi imeandika kwamba mimi sijazaliwa. Wewe umeshazaliwa, una watoto. Nikuamkieje?"

Ofisi nzima ilianguka kwa kicheko, na mimi pia. Akatoka hivyohivyo, akazunguka kambi anawaamkia watoto wa shule, wauza maandazi, hata mbwa wa mlinzi. Watu walimfuata nyuma kama harusi. Mwishoni akafika karakana, akamkuta Mzee Hamisi amekaa na wenzake. Akasimama mbele yake, akasema, "Shikamoo, kaka."

Hapo kicheko kilikatika. Hamisi hakuitikia. Alitazama chini, akaokota kipande cha waya, akawa anakikunja. Margwe akangoja kidogo, akaondoka. Tangu asubuhi hiyo wazee wale wawili hawakusalimiana tena, na mmoja akimwona mwenzake anakuja, anapita nyuma ya nyumba.

Jioni mke wa Margwe alikuja kwangu, amejifunga shuka lake. Hakukaa.

"Anacheka huku kwenu," akasema. "Nyumbani hali chakula. Lile shati jeupe amelikunja ameliweka sandukuni, na amesema siku hiyo ataenda kuvuna maharage. Mwanangu, mwaka kesho hata shamba lenyewe hatujui kama litakuwepo."

Hilo lilikuwa kweli. Tetesi za kuuzwa mashamba zilikuwa zimeanza, na kila mtu alikuwa akizisikia na kunyamaza. Moyo uliniuma, niwaambieni ukweli, maana mzee yule alikuwa amengojea jambo moja tu maishani mwake pale, na lilikuwa linampita kwa tarakimu mbili.

Asubuhi nikakaa kwenye redio koli kumtafuta mkufunzi Arusha. Redio koli, kwa msioijua, ndiyo iliyokuwa simu yetu, ila unayosema yanasikika mashamba yote. Na ukimaliza lazima useme ova, mwenzako ajue ni zamu yake.

"Mkufunzi, hapa makao makuu. Kwa nini mashine inamchukua mtu wa 28 inamfanya wa 2028? Ova."

"Ina mpaka wake, mama. Ukiipa tarakimu mbili, kuanzia thelathini kwenda juu inajua ni karne hii. Chini ya thelathini inadhani unazungumzia karne ijayo. Lazima uipe mwaka mzima. Ova."

"Kwa hiyo Mzee Margwe... ova."

"Kwa mashine, bado. Ova."

Ikaingia sauti nyingine kutoka shamba la mbali, sikuijua ni ya nani: "Basi mwambieni mama yake aanze kliniki. Ova."

Nilizima redio nikicheka huku nimekasirika. Nikaenda kwa Ofisa Utumishi, nikamweleza, naye akaelewa mara moja. Alishika kiuno akasema, "Kumbe tumemrusha mzee wa watu karne nzima." Tukaandika miaka yote kwa tarakimu nne, tukapanga upya, na Margwe akapanda kutoka mwisho hadi juu. Tukaipeleka kwa Meneja Mkuu. Yeye aliisoma yote.

"Ni sawa kabisa," akasema. "Lakini ratiba iko mkoani, na Mzee Hamisi ameshaita ndugu zake kutoka Kondoa. Nimvue heshima mbele ya wageni wake kwa kosa la ofisi yangu? Margwe atafungua mwakani."

"Bosi, mwakani ipo?"

Akanirudishia orodha. Alikuwa anajua kuliko mimi.

Nikaenda kwa Mzee Hamisi mwenyewe. Nilimkuta anapiga pasi kanzu mpya kwa pasi ya mkaa, na ndugu zake wamejaa barazani wanakunywa chai. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya mpaka na thelathini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaiweka pasi juu ya kigae.

"Mama Taipu, mimi sikuhitaji redio koli. Nilijua siku ileile. Nilipofika hapa nilimkuta Margwe yuko juu ya kombaini, na yeye ndiye aliyenishika mkono kunipandisha."

"Sasa mbona umenyamaza, mzee?"

"Kwa sababu na mimi nilitaka." Alisema hivyo bila aibu. "Nilitaka mara moja tu niione ngano inalala mbele yangu na watu wananitazama. Ni vibaya?"

"Si vibaya."

"Ndugu zangu wamesafiri," akasema, na akaichukua tena pasi. Nikaaga, nikaondoka.

Siku ikafika. Turubai zilifungwa pembeni mwa shamba, kombaini imeoshwa na kupambwa majani, upepo unapuliza kofia za watu. Ngano ilikuwa imesimama mpaka upeo wa macho. Mgeni rasmi alikuja na vumbi lake, akahutubia, tukapiga makofi. Nilikuwa natafuta uso wa Margwe tu, nikauona kwenye mstari wa nyuma kabisa. Mke wake alikuwa amemburuza. Alivaa koti lake la kila siku, na alikuwa anamtania jirani yake, lakini macho yake hayakuwa hapo.

Ofisa Utumishi akasoma kwenye kipaza sauti, na nilisikia sauti yake inavyosita: "Sasa tunamwita dereva wetu mkubwa kuliko wote, Mzee Hamisi, apokee ufunguo."

Hamisi akasimama, kanzu inang'aa. Ndugu wa Kondoa wakashangilia. Akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akatembea mpaka kwenye kombaini, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Akabaki hapo, amekishika chuma, anaitazama ngano. Nadhani aliitazama vya kutosha. Kisha akashusha mguu, akageuka, akaanza kurudi.

Alipita mbele ya mgeni rasmi, akapita mbele ya Meneja Mkuu, akaenda hadi mstari wa nyuma. Akavua kofia.

"Shikamoo, kaka."

Margwe alifungua mdomo, na nikajua anatafuta mzaha wa kurudisha, maana ndivyo alivyojificha wiki nzima. Mzaha haukuja.

"Shikamoo, kaka," Hamisi akarudia, kwa sauti ya kusikika. "Ngano inakungoja."

"Marahaba," akasema Margwe. Akaupokea ufunguo. Akautazama, akamtazama Hamisi. "Mdogo wangu, siku ya kwanza nilikupandisha mimi. Leo nipandishe wewe, magoti yangu yamechoka."

Wakaenda wameshikana mikono kama wanavyofanya wanaume wa rika moja. Hamisi akamsukuma kutoka chini mpaka akakaa kwenye kiti. Margwe akainama, akampa mkono na yeye apande. Kiti ni kimoja, kwa hiyo Hamisi alisimama pembeni kwenye kipandio, ameshika chuma, na kanzu yake nyeupe inapepea. Mashine ikanguruma. Ngano ikaanza kulala mbele yao wote wawili, na vigelegele vikapanda, vya Kiiraqw vya wenyeji na vya Kirangi vya wageni wa Kondoa, hata hukujua ni vya nani. Mimi nililia waziwazi, na sikutafuta leso.

Mgeni rasmi alimuuliza Meneja Mkuu kama ndivyo ratiba ilivyo. "Ndiyo, mheshimiwa," akajibu. "Ilibadilika asubuhi hii." Kisha akanisogelea mimi pembeni.

"Kwenye taarifa utaandikaje, Mama Taipu?"

"Nitaandika kwamba dereva mkubwa alifungua shamba."

"Na tarehe?"

"Nitaipiga kwa mkono, bosi. Mwaka mzima."

Hayo yalikuwa mavuno mazuri kuliko yote niliyoyaona. Hayakuja mengi baada ya hapo. Mashamba yaligawanywa, wengine walipunguzwa kazi, na mimi nikachukuliwa na ofisi ya wilaya, Katesh. Nilikuwa huko karne ilipogeuka. Kila mtu alikuwa anaogopa kwamba kompyuta zitachanganyikiwa na ule mwaka wa sifuri sifuri, na mkuu wangu mpya akaniuliza kama tuzizime. Nikamwambia kwetu sisi zilishachanganyikiwa mapema, tukazishinda kwa salamu. Akadhani namtania. Tuliwasha asubuhi yake, zikawaka, tukanywa chai.

Mnaniuliza kazi ilikuwaje zamani, ngumu au rahisi. Sijui. Mgongo unauma, vidole bado vinapiga meza vyenyewe nikiwa kanisani, na mkwe wangu ananiambia mama, tulia. Najua tu kwamba karatasi niliyoipiga ilikuwa inakwenda mahali nisipofika, inamsema mtu ambaye hayupo kujitetea. Ukimwandika nusu, kuna atakayeijaza nusu nyingine, awe karani au mashine, naye hamjui huyo mtu. Kwa hiyo simu zenu nazisifu, ila mkiniandikia ujumbe wa msiba au harusi, niandikieni mwaka wote. Nina umri wa kustahili tarakimu nne.

Ila kuna jambo moja Mzee Margwe hakulisamehe, au alilipenda mno kuliacha. Tangu mwaka ule hakunikubalia nimwamkie. Tukikutana mnadani Katesh, ananiwahi kwa mbali, "Shikamoo, mama. Bado sijazaliwa." Nikijaribu kumtangulia anaziba masikio yake makubwa. Nami naitikia marahaba kwa sauti ya chini, natazama huku na huku, nisije nikasikiwa na mchungaji wangu. Mzee Hamisi alikuwa akicheka akituona, mpaka Mungu alipomchukua. Msibani kwake Margwe alikaa upande wa wafiwa, na hakutania mtu kwa muda mrefu.

Siku ya kuniaga kazini walipika pilau, wakanipa mbuzi na blanketi. Nilikuwa nimeshakabidhi funguo za ofisi na ile kompyuta ya mwisho, nimekaa mbele nimevishwa maua, pikipiki ikasimama mlangoni. Aliyeshushwa alikuwa Mzee Margwe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na fimbo, amevaa shati jeupe lililopauka kidogo kwenye kola. Ukumbi wote ukasimama. Akaja polepole mpaka mbele yangu, na mimi nikajiandaa kuaibishwa mbele ya Mkurugenzi.

Hakuniamkia. Alisimama ameegemea fimbo, ananitazama.

"Ile mashine umeirudisha?"

"Nimeirudisha, mzee."

"Yote?"

"Yote."

"Basi," akasema, akajinyoosha. "Sasa niamkie."

Nikasimama na maua yangu shingoni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu," akajibu, kwa sauti kubwa, ukumbi mzima ukamsikia.